Kabla brathangu hajapanga laini ya wanahewa, wacha tuongee

Ukikaa Gatwekera miaka ya kutosha unajifunza kujua ndege kwa masikio. Zile ndogo za Wilson zinazopeleka watalii Mara zinalia kama bodaboda imepandishwa kwa paa. Helikopta unaisikia kwanza kwa mabati. Yanaanza kutetemeka, sufuria inajibu, ndipo sauti yenyewe inafika. Halafu kuna zile za Desemba. Wiki ya kuelekea Jamhuri, ndege za kivita zikifanya mazoezi ya kupita juu ya jiji, unasikia kishindo, unatoka nje mbio, ukiangalia juu unapata imeshafika Ngong. Watoto wanashangilia. Mama wa mboga analaani.

Kwa ploti yetu kuna mzee anayetengeneza redio na simu. Huyo haangalii juu. Anaendelea kuchomelea waya zake, anasema tu, "F-5 hiyo." Siku moja nikamuuliza, mzee umejuaje? Akaniambia alikuwa fundi wa ndege akiwa kijana. Nikamuuliza hadi mwaka gani. "Hadi themanini na mbili." Akaongeza sauti ya redio, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nimemkumbuka kwa sababu brathangu mdogo, miaka 19, kidato cha nne amemaliza, kazi hana, ameamua anaenda kwa usajili wa KDF. Na si KDF yoyote tu. Anataka wanahewa. Mathe amekataa kabisa, na ukimuuliza sababu anakwambia "hilo jeshi lilimeza vijana." Brathe hajui mathe anaongelea nini. Shuleni hakufundishwa. Mimi nilitoka chuo semesta ya tatu karo ilipogoma, sina digrii ya historia wala ya kitu kingine, lakini nimesoma hii hadithi vya kutosha kukwambia inaenda hivi.

Anza na Eastleigh. Wewe unaijua Eastleigh ya nguo na simu, lakini ile kambi iliyo pale nyuma ni ya zamani kuliko maduka yote hayo. Ilikuwa ya jeshi la anga la Uingereza, na kabla Embakasi haijafunguliwa mwaka wa 1958, ndege za abiria za Nairobi zilikuwa zinatua hapo hapo. Wakati wa Mau Mau, ndege za Waingereza zikiwemo zile kubwa za Lincoln ziliruka kutoka Eastleigh kwenda kumwaga mabomu Aberdare na msitu wa Mlima Kenya. Kwa hivyo barabara ya kwanza ya ndege ya jeshi letu ni ileile iliyotumika kulipua babu zetu. Sisemi hivyo ili nikuchome roho. Nataka tu ujue tulirithi nini.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizinduliwa rasmi tarehe 1 Juni 1964, miezi michache baada ya uhuru. Liliundwa na Waingereza, likaongozwa na Waingereza, na kamanda wa kwanza Mwafrika, Dedan Gichuru, alichukua usukani mwaka wa 1973. Hesabu mwenyewe: miaka tisa bendera ni yetu na kamanda ni wao. Watu husahau kwamba Januari 1964 wanajeshi walikuwa wameasi Tanganyika, Uganda na hapa kwetu Lanet, mwezi mmoja huo huo, na Waingereza ndio walioitwa kuzima. Serikali changa iliona afadhali mgeni unayemjua. Ndege zenyewe mwanzoni zilikuwa za mazoezi na za mizigo: Chipmunk, Beaver, baadaye Caribou. Kitu cha kutisha mtu hakikuwepo.

Kilichobadilisha mambo ni majirani. Miaka ya sabini Somalia ilikuwa na ndege za Urusi na ilikuwa inaangalia kaskazini mashariki mwa Kenya kama mali yake. Februari 1976 Idi Amin naye akasimama akadai kipande kikubwa cha magharibi ya Kenya, na yeye alikuwa na MiG. Sisi tulikuwa na Strikemaster na Hunter, na Hunter zenyewe zilikuwa mitumba kutoka Uingereza. Ndipo Kenya ikageukia Marekani kwa F-5, zikaanza kufika mwaka wa 1978, zikawekwa Nanyuki. Baadaye kidogo zikaja Hawk za Uingereza. Ndani ya miaka michache, jeshi dogo la kubeba mizigo likawa jeshi lenye mbwembwe.

Sasa hapa ndipo wengi huruka. Ndege ya kisasa haitaki mtu wa mabavu tu. Inataka fundi wa injini, wa rada, wa umeme, wa silaha, wa mawasiliano. Kwa hivyo wanahewa walichukua vijana waliosoma zaidi ya wenzao wa nchi kavu, wengine waliofunzwa ng'ambo, halafu wakawaweka kwa vyeo vya chini na mshahara wa chini, ndani ya jiji, karibu na chuo kikuu, wakisoma magazeti kila siku. Juni 1982 bunge likabadilisha katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Wahadhiri walikuwa wanawekwa kizuizini. Ukiweka vijana wenye akili, wenye hasira na wenye funguo za ghala la silaha mahali pamoja, si lazima uwe profesa ujue kitakachotokea.

Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, alfajiri, wakachukua Eastleigh, wakachukua Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye kizazi cha mathe kinamjua kama sauti ya nyumbani, alitolewa kwake na kulazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kiongozi wa njama alikuwa Hezekiah Ochuka, miaka ishirini na kitu, cheo chake Senior Private. Yaani hata koplo hakuwa amefika. Huko Nanyuki marubani wa F-5 walishikiwa bunduki waruke kwenda kulipua Ikulu ya Nairobi. Waliruka, lakini mabomu wakaenda kuyatupa msituni Mlima Kenya. Msitu ukapigwa tena, safari hii ili jiji lipone.

Ilidumu saa chache. Meja Jenerali Mahmoud Mohamed wa jeshi la nchi kavu alikomboa kituo cha redio na wanajeshi wachache, na kufikia mchana mambo yalikuwa yamegeuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Maduka ya jiji yaliporwa. Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu waliteka ndege ya mizigo ya Buffalo wakatorokea Dar es Salaam. Tanzania ikaja kuwarudisha, wakashtakiwa mahakama ya kijeshi, wakanyongwa Kamiti Julai 1987. Mpaka leo hao ndio watu wa mwisho kunyongwa na serikali ya Kenya.

Lakini mathe hazungumzii Ochuka. Anazungumzia wale wengine. Karibu jeshi zima la wanahewa lilikamatwa, aliyeshika bunduki na aliyekuwa amelala. Mamia wakafungwa, wengi wakafutwa kazi, na miaka mingi baadaye baadhi yao walienda mahakamani kushtaki kwa mateso waliyopitia na wakapewa fidia. Kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kushindwa kuzuia maasi. Agosti hiyo hiyo jeshi lenyewe likavunjwa. Fikiria hilo. Rais alifuta jeshi zima la anga. Likaundwa lingine linaloitwa '82 Air Force, Mahmoud Mohamed wa nchi kavu akawekwa juu yake, na jina la zamani halikurudi hadi 1994. Miaka 12 jeshi linabeba mwaka wa aibu yake kwenye jina, kama mtoto aliyepewa jina la kosa la babake.

Na sisi wa Kibra tuliguswa kwa njia yetu. Raila Odinga alishtakiwa kwa uhaini juu ya mapinduzi hayo, kesi ikaondolewa, akawekwa kizuizini bila kesi hadi 1988. Alipotoka, miaka minne baadaye akachaguliwa mbunge wa Lang'ata, na Lang'ata ya wakati huo ilikuwa pamoja na sisi. Alitushikilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa Baba ameenda, Oktoba 2025, na mazishi yake yalikuwa na heshima za kijeshi. Niliangalia kwa simu ya jirani wale wanajeshi wamebeba jeneza lake, nikajiuliza wangapi kati yao wanajua jina la jeshi lao liliwahi kufutwa kwa sababu ya siku ileile iliyomtia Raila ndani.

Na si hilo tu. Kibra yenyewe ni mtoto wa jeshi. Wanubi, askari wa King's African Rifles, ndio walioletwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1900, msitu ukatengwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Mwaka wa 2017 walipopewa hati ya ardhi yao, ilikuwa ya ekari 288. Hizo nyingine ni mitaa ya wenye pesa, na sisi kwa katikati. Kwa hivyo mtu akikwambia mambo ya jeshi si ya watu wa mtaa, mwonyeshe hapa anapokanyaga.

Turudi kwa brathe, kwa sababu anachotaka kujua yeye ni jeshi la leo limepangwaje.

Katiba ya 2010, kifungu cha 241, inasema majeshi ya ulinzi ni matatu: nchi kavu, wanahewa, wanamaji. Juu yao kuna Mkuu wa Majeshi, chini yake kila jeshi na kamanda wake. Vyeo vya wanahewa wetu ni vya mtindo wa nchi kavu, koplo, sajini, kapteni, meja jenerali. Vile vya Kiingereza vya anga waliachana navyo. Makao makuu ni Eastleigh, kambi ya Moi, ambako pia kuna ndege za kubeba watu na mizigo. Za kivita ziko kambi ya Laikipia, kule Nanyuki. Kuna kambi Wajir ya kuangalia mpaka wa Somalia, na kituo Mombasa. Kila kambi ina vitengo vyake: wanaoruka, mafundi, wa stoo na usafiri, wa ulinzi. Rubani ndiye unamwona kwenye picha, lakini kwa kila rubani kuna mafundi kibao walioinama chini ya ndege na spana. Brathe hawezi kuenda kuwa rubani kupitia ile laini ya uwanjani. Hiyo ni ya maafisa, wanaoenda chuo cha jeshi Lanet. Yeye akipita ataenda Eldoret na makurutu wote, afundishwe kwata, ndipo agawiwe jeshi. Na hachagui. Unaweza kuota anga ukajikuta umepewa nchi kavu au bahari. Hilo hakulijua hadi nilipomwambia, na akanyamaza dakika nzima.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho naona wachambuzi wa TV hukipita. Baada ya 1982, kiti cha juu kabisa cha majeshi kilienda kwa nchi kavu, kikaenda hata kwa wanamaji, lakini mtu wa wanahewa hakukikalia hadi 2011, alipoteuliwa Julius Karangi. Miaka 29. Hakuna sheria iliyosema wanahewa wasipewe, lakini kumbukumbu nayo ni sheria. Na angalia mwaka huohuo kilichofuata. Oktoba 2011 Kenya ikaingia Somalia, Linda Nchi, na F-5 za Nanyuki zikaenda vitani. Jeshi lililovunjwa kwa kugeuzia bunduki serikali likawa ndilo linaloitwa kwanza. Kwangu hapo ndipo 1982 iliisha kweli, si 1994.

Halafu akaja Francis Ogolla. Mtu wa Siaya, aliyejiunga na jeshi mwaka wa 1984, wakati bado linaitwa '82. Rubani wa ndege za kivita aliyefunzwa na Wamarekani, akapanda hadi kamanda wa wanahewa, Aprili 2023 akawa Mkuu wa Majeshi. Kwa watu wengi wa mtaa wangu hiyo teuzi ilikuwa na maana kubwa kuliko gwaride. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta yake ikaanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Alikufa pamoja na wanajeshi wengine tisa, wawili wakapona. Alikuwa ameomba azikwe haraka na bila jeneza, na ikawa hivyo, ndani ya siku tatu.

Mtaani maneno yalikuwa mengi, unayajua. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi iliyotoka baadaye ilisema ni injini, ikakataa habari ya njama. Mimi nitaichukua hivyo. Lakini ukisema ni injini hujamaliza, hapo ndipo maswali yanaanza. Helikopta yenyewe ilikuwa Huey, muundo ambao ulipata umaarufu kwenye vita vya Vietnam, kabla baba yangu hajazaliwa. Zimekarabatiwa, sawa. Lakini angalia orodha kwa mpangilio. Aprili 2006, ndege ya wanahewa aina ya Y-12, ya Uchina, ilianguka Marsabit ikaua watu 14, wakiwemo wabunge waliokuwa wanaenda kutafuta amani. Juni 2021, helikopta ya Mi-171, ya Urusi, ilianguka Ol Tepesi, Kajiado, wanajeshi wasiopungua 10 wakafa. 2024, Huey ya Marekani. Kwa hivyo usinilishe ile ya "tatizo ni ndege za Wachina." Tumeanguka na za kila taifa.

Ninachokiona mimi ni jeshi lenye ndege za kila rangi. Za Marekani, Uchina, Urusi, za mizigo za C-27 kutoka Italia, na F-5 zingine tulizonunua zikiwa zimetumika Jordan. Kila ndege ni vipuri vyake, kitabu chake, fundi wake aliyefunzwa nchi yake. Muulize mwenye garage yoyote hapa Kibra kama angependa kutunza Toyota, Tata, Peugeot na lori la Urusi kwa stoo moja. Atacheka. Mei 2024, Rais akiwa Washington, Marekani ikaahidi helikopta 16 zaidi, nane zikiwa Huey tena. Zawadi haikataliwi, najua. Lakini mafuta si zawadi, vipuri si zawadi, na roho ya fundi anayeambiwa itengeneze hivyo hivyo si zawadi.

Na bajeti hii hujadili wewe wala mimi. Tunaambiwa ni usalama wa taifa. Ninaelewa hawawezi kuweka mtandaoni idadi ya makombora. Lakini umri wa helikopta inayobeba watoto wa watu, na mara ya mwisho ilikaguliwa lini, hiyo ni siri ya kumficha nani? Al-Shabaab hawasubiri ratiba ya servisi. Bunge lina kamati ya ulinzi, na wabunge wa kamati hiyo wana namba za simu ambazo huwa zinapatikana sana wakati wa kura.

Kuna jambo moja linanipa moyo, sitaliacha. Mei 2024, baada ya msiba wa Ogolla kupangua vyeo, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed aliteuliwa kamanda wa wanahewa. Mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi matatu ya Kenya. Alikuwa brigedia wa kwanza mwanamke 2015, meja jenerali wa kwanza mwanamke 2018. Kuna msichana wa ploti ya pili, kidato cha tatu, anabandika picha yake ukutani karibu na ya Faith Kipyegon. Huyo ndiye ningependa aende kwa laini, kuliko hata brathe. Yeye amesoma fizikia.

Brathe ameshapima urefu kwa mlango wa jikoni, amepita ile mita 1.60. Vyeti viko kwa bahasha ya plastiki chini ya godoro. Nimemwambia usajili ni bure, na mtu yeyote atakayemwambia "kuna mtu najua" na kutaja laki kadhaa, hata kama ni wa ukoo, amkimbie. Nimemwambia pia akifika pale asikatae kuulizwa kama anataka kuwa fundi. Juzi nikampata amekaa na mzee wa redio, wamefungua redio ya Sanyo, mzee anamwonyesha jinsi ya kufuata waya mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa mwingine. Sijui waliongea nini kingine.

Saa kumi na moja asubuhi anakimbia kando ya reli. Mathe bado hajasema ndiyo.